Homa ya Uti wa Mugongo, Ndiyo Meningiti

Magonjwa mengi yanamupa mutu wakati wa kufikiri. Mwenye kidonda muguuni anaweza kungoja mpaka siku ya soko, kisha aende kutafuta dawa. Mwenye minyoo anaweza kungoja juma moja. Lakini kuna ugonjwa mumoja ambao haungoji. Unaweza kumukuta mutoto asubuhi akicheza na wenzake, na kesho yake watu wanachimba kaburi. Ugonjwa huu unaitwa homa ya uti wa mugongo. Wanganga wanauita meningiti.

Dawa yake iko, tena ni dawa nzuri. Lakini dawa iliyo hospitali haiwezi kumuponya mutu aliyelala nyumbani. Kwa hiyo ni lazima kila baba na kila mama ajue dalili za ugonjwa huu, aweze kusema yeye mwenyewe: "Leo hii tunakwenda." Someni maneno haya pamoja na watu wa nyumba yenu. Asiyejua kusoma, asomewe.

MENINGITI NI UGONJWA GANI?

Ndani ya kichwa kuna ubongo. Ubongo ndio unaotawala mwili wote: kuona, kusikia, kusema, kutembea, hata kuvuta pumzi. Kutoka ubongo kuna kamba ndefu inayoshuka ndani ya mifupa ya mugongo. Kamba hiyo ndiyo uti wa mugongo. Inapeleka maneno ya ubongo kwa mikono na miguu, na inarudisha habari kwa ubongo.

Ubongo na uti wa mugongo vimefunikwa na ngozi tatu nyembamba. Kati ya ngozi hizo kuna maji safi. Maji haya yanalinda ubongo usigongwe na mufupa wa kichwa, kama maji ya tumbo yanavyolinda mutoto asiyezaliwa bado. Kwa mutu mukubwa maji hayo ni karibu mililita 150, kiasi cha kikombe kidogo cha chai.

Vijidudu vikiingia ndani ya maji hayo, vinazaana upesi sana. Ngozi zinavimba, na maji yanachafuka kwa usaha. Lakini mufupa wa kichwa ni mugumu, hauwezi kupanuka kama tumbo. Basi ubongo unabanwa. Ndiyo sababu kichwa kinauma kupita kiasi, na mugonjwa anatapika na kupoteza akili. Shingo nayo inakauka, kwa sababu mutu akiinama zile ngozi zilizovimba zinavutwa, na maumivu ni makali.

UNATOKA WAPI?

Watu wengine wanasema meningiti inatoka kwa ulozi, kwa kuwa inaua upesi, na mara nyingi inamushika kijana mwenye nguvu. Basi mumoja anamushitaki shangazi, mwingine anamushitaki jirani. Mwisho wa habari kunakuwa na kaburi moja na ugomvi wa miaka kumi. Ni hasara juu ya hasara.

Meningiti inatoka kwa vijidudu, ambavyo wengine wanaviita mikrobe. Ni vidogo sana, macho hayawezi kuviona bila mashini ya kukuza vitu. Katika mwaka 1887 munganga mumoja wa Austria, jina lake Anton Weichselbaum, alikiona kijidudu kimoja cha meningiti ndani ya maji ya mugongo ya wagonjwa. Tangu wakati ule wanganga wamejua adui ni nani. Tena si adui mumoja tu. Hawa ndio wakubwa:

1. Meningokoki. Kijidudu hiki ndicho kinacholeta ugonjwa wa kuenea kutoka kijiji mpaka kijiji. Kiko cha aina nyingi, na wanganga wanaziita kwa herufi: A, B, C, W, X na Y.

2. Pnemokoki. Kinaleta pia homa ya mapafu. Kinaua watu wengi, na kinaacha wengi wakiwa viziwi.

3. Hemofilus. Kinashika sana sana watoto wenye chini ya miaka 5.

4. Vijidudu vinavyoshika watoto wachanga. Mara nyingine mutoto anavipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa.

5. Kijidudu cha kifua kikuu, na uyoga mudogo sana unaoitwa kriptokoki. Uyoga huo unashika sana sana watu wenye SIDA. Hizi mbili zinakuja polepole: kichwa kinauma siku nyingi, hata majuma, na mutu anakonda.

6. Virusi. Mara nyingi meningiti ya virusi si kali kama zile zingine, na mutu anapona. Lakini hakuna mutu nyumbani anayeweza kutambua kwa macho kama hii ni ya virusi ao ni ya kuua. Kwa hiyo zote zipelekwe hospitali.

UNAPITA NAMNA GANI?

Meningokoki inakaa nyuma ya pua na ndani ya koo ya watu. Kati ya watu 100, mutu 1 mpaka watu 10 wanaibeba bila kuugua hata kidogo. Hawajui kama wanayo. Inapita kwa mate na kwa makamasi: kwa kukohoa, kwa kupiga chafya, kwa kubusu, na kwa kukaa karibu karibu wakati murefu. Haipiti kwa mbu, wala kwa inzi, wala kwa maji ya muto.

Tangu kijidudu kinapoingia mpaka ugonjwa kuonekana, siku 2 mpaka 10 zinapita. Mara nyingi ni siku 4.

Pahali watu wengi wanapolala katika nyumba moja, ugonjwa unapata njia: shule ya kulala, kambi ya askari, kambi ya wakimbizi, gereza, na vibanda vya wachimba dhahabu.

Katika mwaka 1963 munganga Mufaransa, Lapeyssonnie, aliandika juu ya inchi za Afrika zinazopigwa mara kwa mara na ugonjwa huu. Aliziita mukanda wa meningiti. Siku hizi mukanda huo unahesabiwa kutoka Senegal mpaka Ethiopia, na upande wa kaskazini wa Kongo umo ndani yake. Kule ugonjwa unakuja sana sana wakati wa kiangazi, kutoka Desemba mpaka Juni. Upepo wa vumbi unakausha na kuumiza ngozi ya koo, usiku ni baridi, watu wanajifungia ndani. Lakini mutu wa pori asiseme, "Sisi hatuna vumbi, sisi tuko salama." Mutasoma chini habari ya Banalia.

DALILI KWA MUTU MUKUBWA NA KWA MUTOTO ANAYETEMBEA

1. Homa kali inayoanza gafula.
2. Kichwa kuuma sana, kupita namna mutu alivyozoea.
3. Kutapika, hata kama hakula kitu.
4. Shingo kukauka. Hawezi kuinama na kutazama tumbo lake.
5. Macho kukataa mwangaza. Anageukia ukuta, anafunika uso na nguo.
6. Akili kuchafuka. Anasema maneno yasiyo na maana, ao anasinzia na ni vigumu kumuamsha.
7. Mwili kustukastuka, ndiyo watu wengine wanauita ugonjwa wa ndege ao degedege.
8. Mara nyingine, madoa madogo mekundu ao ya rangi ya zambarau juu ya ngozi. Kwa ngozi nyeusi ni vigumu kuyaona. Tazameni viganja vya mikono, nyayo za miguu, ndani ya kinywa, na ndani ya kope za macho. Ukiona madoa pamoja na homa, usingoje hata kidogo. Vijidudu vimeingia katika damu.

Kuna namna rahisi ya kupima shingo. Mulaze mugonjwa chali juu ya mukeka. Weka mukono chini ya kichwa chake, ukiinue polepole mpaka kidevu kiguse kifua. Kama ni homa tu, kwa kawaida shingo inakubali. Kama ni meningiti, shingo inakataa kama ubao, na mara nyingi magoti yanakunjika yenyewe. Usilazimishe. Ukiona hivi, umeona kutosha.

Lakini musingoje mpaka dalili zote zionekane. Katika saa za kwanza shingo inaweza kuwa laini bado, na kwa wazee inaweza kubaki hivi mpaka mwisho. Homa pamoja na dalili moja tu ya hizi zingine inatosha kuwaondoa nyumbani.

DALILI KWA MUTOTO MUCHANGA

Mutoto muchanga hawezi kusema, "Kichwa kinaniuma." Tena mara nyingi shingo yake haikauki. Mama ndiye anayemujua, na mama amutazame vizuri:

1. Anakataa ziwa, ao ananyonya kidogo na kuacha.
2. Analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida. Akibebwa, badala ya kutulia analia zaidi.
3. Amelegea kama nguo yenye maji. Ni vigumu kumuamsha.
4. Utosi umevimba wakati ameketi na hakulia. Utosi wa mutoto muzima ni sawasawa ao umeshuka kidogo.
5. Mwili ni moto sana, ao baridi sana. Mutoto muchanga anaweza kuwa na meningiti bila homa.
6. Anastuka, ao macho yanabaki pahali pamoja, ao anaacha kuvuta pumzi kidogo kisha anaanza tena.

Mama akisema, "Mutoto wangu si kama jana," baba na bibi wasimucheke. Neno hili ni dalili kubwa.

JE, NI MALARIA AO NI MENINGITI?

Hapa watu wengi wanapotea njia. Katika inchi yetu malaria iko kila pahali. Mutoto akipata homa na kustuka, kila mutu anasema ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Malaria kali inayoshika ubongo inafanana sana na meningiti. Hata munganga hawezi kuzitenga kwa kutazama tu.

Tena kuna mutego mwingine. Muuguzi anatoboa kidole, kipimo kinaonyesha malaria, watu wanafurahi na kurudi nyumbani na vidonge. Lakini mutu anaweza kuwa na malaria ndani ya damu na meningiti ndani ya maji ya mugongo siku ile ile. Kipimo cha malaria kinasema tu kama malaria iko. Hakisemi kama meningiti haiko. Kwa hiyo kama shingo imekauka, ao utosi umevimba, ao akili imechafuka, ulizeni hata kama kipimo kimeonyesha malaria: "Je, haiwezi kuwa meningiti?" Si kukosa heshima. Muuguzi mwema atafurahi kwa ulizo hilo.

Na kama munakaa mbali, na homa haikushuka kwa dawa ya malaria, na kichwa kinazidi kuuma, rudini siku ile ile. Musingoje kumaliza vidonge.

KUPIMA MAJI YA MUGONGO

Ili kujua hakika, munganga anataka kuona maji ya mugongo. Anamulaza mugonjwa kwa ubavu, amekunja magoti na kuinamisha kichwa, ao anamuketisha akiinama. Anasafisha ngozi, kisha anaingiza sindano nyembamba kati ya mifupa miwili ya kiuno.

Jamaa nyingi zinakataa jambo hili. Wanasema, "Ndugu yetu atalemaa," ao, "Watu wote waliotobolewa mugongo wamekufa." Tuseme wazi.

Neno la kwanza: kwa mutu mukubwa, uti wa mugongo unaishia juu, karibu na mufupa wa kwanza ao wa pili wa kiuno. Sindano inaingia chini ya pale, pahali penye maji na nyuzi tu za mishipa zinazoteleza kando. Kwa mutoto munganga anaingia chini zaidi. Kwa hiyo haitobolei uti wenyewe.

Neno la pili: maji yanayotolewa ni machache, mara nyingi chini ya kijiko kidogo kimoja. Mwili unatengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku. Yaliyotolewa yanarudi mbele ya siku kwisha.

Neno la tatu: waliokufa nyuma ya kutobolewa waliuawa na ugonjwa. Wengi walipimwa wakati walipokuwa karibu kufa, kwa sababu walichelewa kuletwa ao jamaa walikataa siku mbili. Musihukumu sindano kwa kazi ya meningiti.

Nyuma ya kupimwa, kichwa kinaweza kuuma siku chache. Kinapona.

Maji ya mutu muzima ni meupe na safi, kama maji ya chemchemi. Maji ya mugonjwa mara nyingi yamechafuka, kama maji yaliyoosha muchele. Kisha yanatazamwa katika labo ili kujua ni kijidudu gani, maana kila kijidudu kina dawa na siku zake. Lakini munganga akiona kwamba ugonjwa ni mukali, hangoji jibu la labo. Anaanza dawa mara moja.

DAWA

Bila dawa, meningiti ya meningokoki inaua karibu nusu ya watu inaowashika. Kwa dawa iliyoanza mapema, wengi wanapona.

Dawa inayotumiwa sana siku hizi inaitwa seftriaksoni. Inapigwa kwa sindano, katika mushipa ao katika nyama ya mwili. Vidonge havitoshi, kwa sababu dawa inapaswa kuingia kwa nguvu mpaka ndani ya maji ya ubongo. Wakati ugonjwa wa meningokoki unapoenea, wagonjwa wengi wanapata sindano siku 5. Watoto wachanga wanapata siku nyingi zaidi, na vijidudu vingine vinataka siku 10 ao kupita. Meningiti ya kifua kikuu inataka vidonge vya miezi mingi, na ile ya uyoga ina dawa zake. Wenye SIDA waendelee na dawa zao namna munganga anavyowaambia.

Mara nyingi siku ya pili ao ya tatu mugonjwa anafungua macho na kuomba ugali. Jamaa wanataka kurudi nyumbani. Musirudi. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuamka tena. Kaeni mpaka sindano ya mwisho.

Watu wengine wanakaa nyumbani kwa kuogopa deni la hospitali. Ni mateso ya kweli, hatuyacheki. Lakini njooni kwanza. Semeni wazi na wakubwa wa hospitali juu ya malipo wakati mugonjwa amekwisha kupata sindano ya kwanza. Deni linaweza kulipwa polepole. Mutoto aliyekufa harudi.

NJIANI

Mambo ya kufanya:

1. Ondokeni mara moja, muchana ao usiku, kwa pikipiki, kwa kinga, kwa mutumbwi ao kwa kipoyi. Kama kituo cha afya kiko karibu kuliko hospitali, piteni pale kwanza. Muuguzi anaweza kupiga sindano ya kwanza kisha awatume mbele.
2. Mugonjwa aliyepoteza akili alazwe kwa ubavu, ili matapiko yasiingie katika mapafu.
3. Mutoto muchanga afunikwe vizuri asipate baridi. Kama anaweza kunyonya, anyonyeshwe njiani.
4. Chukueni karatasi ao pakiti za dawa zote alizokwisha kupata.

Mambo ya kukataa:

1. Musimupe chakula, maji ao dawa kwa kinywa mutu asiyejua kitu. Vitamuziba pumzi.
2. Musiingize kijiko ao kijiti katika meno ya mutu anayestuka. Muondoe mawe na moto karibu naye, ngojeni atulie, kisha mumulaze kwa ubavu.
3. Musimutie maji ya majani puani, wala kumuchanja shingo kwa wembe, wala kumupiga bomba la dawa za miti.
4. Musinunue vidonge viwili vitatu sokoni "kwa kujaribu". Vinapunguza homa kidogo, vinaficha ugonjwa, wala haviponyi.
5. Musimufungie mugonjwa katika chumba cha maombi siku tatu. Kuomba hakukatazi safari. Ombeni mukiwa njiani, na wazee wabaki wakiomba nyumbani.

HABARI YA BANALIA

Banalia iko katika jimbo la Tshopo, upande wa kaskazini wa Kisangani, kwa muto Aruwimi, katika njia ya Buta. Ni inchi ya pori. Katikati ya mwaka 2021 watu kule walianza kufa kwa homa. Vijiji viko mbali, njia ni mbaya, na mbele watu hawakujua ni ugonjwa gani. Maji ya mugongo ya wagonjwa yalipelekwa mpaka Paris, katika nyumba ya kupimia ya Pasteur. Jibu lilirudi: meningokoki ya aina W.

Tarehe 7 Septemba 2021 serikali ilitangaza ugonjwa. Siku ile watu waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa zaidi ya 260, na waliokufa walikuwa 129. Fikirini: katika kila watu 2, karibu 1 alikufa.

Kisha wanganga na wauguzi waliingia vijijini, sindano za dawa zilipelekwa, na watu walichanjwa. Mwanzo wa Desemba mwaka ule hesabu yote ilikuwa wagonjwa 2,662 na wafu 205. Hesabu tena: katika kila watu 13, 1 alikufa. Wagonjwa waliongezeka sana katika hesabu, kwa sehemu kwa sababu sasa wauguzi waliwatafuta hata wale wasio wagonjwa sana. Lakini neno kubwa ni hili: watu walitambuliwa mapema, wakapata dawa mapema, na kifo kilirudi nyuma. Kijidudu kilikuwa kile kile, na pori lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni saa ya dawa.

NYUMA YA KUPONA

Kati ya watu 5 waliopona meningiti ya vijidudu vikali, karibu 1 anabaki na alama: uziwi, ugonjwa wa kuanguka, udhaifu wa mukono ao muguu, kutoona vizuri, ao uzito wa kujifunza. Madoa ya damu yakiwa makali, mutu anaweza kupoteza vidole ao muguu.

Alama inayojificha kuliko zote ni uziwi. Mutoto anarudi nyumbani, anakula, anacheza, wote wanashukuru. Nyuma ya miezi mwalimu anasema, "Mutoto huyu ni mukaidi, haitiki." Anapigwa, kumbe hasikii. Kwa hiyo, mbele ya kutoka hospitali ombeni masikio yapimwe. Nyumbani simama nyuma yake bila yeye kukuona, umuite jina kwa sauti ya kawaida. Kama hageuki, mumurudishe hospitali, na mumuambie mwalimu. Mutoto asiyesikia akae mbele katika darasa. Mutoto mudogo aliyekwisha kuanza kusema anaweza kupoteza maneno yake. Ajifunze kwa ishara mapema.

NAMNA YA KUZUIA

Chanjo ndiyo ukuta wa kwanza. Katika Kongo, watoto wanachanjwa juu ya hemofilus na pnemokoki wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Ni sindano zile zile ambazo mama anazijua katika siku ya kupima watoto, lakini wengi hawajui kwamba zinalinda ubongo wa mutoto. Mama asikose hata moja.

Juu ya meningokoki ya aina A, chanjo mupya ilianza kutumiwa katika inchi ya Burkina Faso mwezi wa Desemba 2010. Watu zaidi ya milioni 300 walichanjwa katika mukanda wa meningiti. Zamani aina hiyo ndiyo iliyoua kupita zote kule. Tangu mwaka 2017 haikuonekana tena katika inchi zile. Lakini aina C, W na X ziko bado. Katika mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilikubali chanjo inayolinda juu ya aina tano kwa mara moja: A, C, W, Y na X. Nigeria ilikuwa inchi ya kwanza kuitumia, katika mwaka 2024. Wakubwa wa afya wakitangaza chanjo katika muji wenu, nendeni wote.

Kama kuna mugonjwa katika nyumba, munganga anaweza kuwapa waliolala naye dawa ya kuzuia. Watazamwe siku 10. Mwenye homa kati yao apelekwe siku ile ile. Fungueni madirisha, musilale wengi katika chumba kimoja, mufunike kinywa wakati wa kukohoa, na kila mutu awe na kikombe chake. Wakati ugonjwa unaenea, hata kilio kifanywe inje, si katika nyumba iliyofungwa na kujaa watu.

MANENO YA KUKUMBUKA

1. Homa na shingo kukauka, ao homa na akili kuchafuka: hospitali leo, si kesho.
2. Mutoto muchanga anayekataa ziwa na kulegea: hospitali leo, hata kama hana homa.
3. Kipimo cha malaria hakiondoi meningiti.
4. Sindano ya mugongo hailemazi. Kuchelewa ndiko kunakolemaza.
5. Maliza sindano zote, kisha pima masikio.

MAULIZO

1. Kwa nini kichwa cha mugonjwa wa meningiti kinauma sana?
2. Meningokoki inapita namna gani kutoka mutu mumoja mpaka mwingine?
3. Unapima shingo ya mugonjwa namna gani?
4. Taja dalili nne za mutoto muchanga.
5. Jamaa wanakataa maji ya mugongo kupimwa. Utawajibu nini?
6. Watu wangapi walikufa katika kila watu 2 mwanzoni mwa ugonjwa wa Banalia? Katika kila watu 13 mwishoni? Ni nini kilichobadilika?
7. Kutoka nyumba yako, ni njia gani utakayopita usiku kwenda kwa dawa, na nani atakayekusaidia kubeba mugonjwa? Jibuni ulizo hili leo, wote wakiwa wazima.